Sahani Iliyorudi na Mapeasi

Sahani ya adabu haibebi jibu. Mmeisikia asubuhi hii kwa bibi yenu Zawena alipopita hapa na ungo wake, mkaguna, mkaangaliana, kisha mkanigeukia mimi mkauliza imetoka wapi. Haya. Kila mwaka ukifika msimu wa barua za shule naulizwa swali hilohilo, na kila mwaka nachoka upya. Methali hii hamtaikuta kwa wahenga wa redioni. Ilizaliwa katika nyumba hii, mimi nikiwapo, na nitawaambia ilivyozaliwa ili mwakani nipumzike.

Chagueni mchele huku mnasikiliza. Hidaya, weka simu chini. Najua ile shule imekuandikia tena kwamba inafurahi kuwa nawe katika safari hii. Safari gani, nawe hata basi hujapanda?

Dada yangu Zawena alikuwa mshenga. Jina lake lilivuma kutoka Chumbageni mpaka Pongwe, na mtu akitaka kuposa alianzia kwake. Barua ya posa ilipelekwa na wanaume, kama desturi, lakini kabla ya barua na baada ya barua kuna maneno ya wanawake, na huko ndiko Zawena alikotawala. Alipeleka kwa wenye binti sahani ya visheti iliyofunikwa kawa, kisha akakaa kusubiri sahani irudi. Ikirudi tupu, alisema hakuna harusi. Ikirudi na kitu, hata kama ni ndimu mbili, aliwaambia watu waanze kutafuta wapishi. Mara nyingi alipatia, kwa sababu mara nyingi watu hukubali. Hilo la mwisho nililisema mimi, na hakuna aliyelitaka.

Mimi nilikuwa karani. Miaka ishirini na saba nilikaa katika ofisi ya shule moja ya binafsi hapa Tanga, nikipiga chapa barua za "mpendwa mzazi". Nilizipiga mpaka vidole vikawa vinaandika vyenyewe. Jina la mtoto hubadilishwa, mengine yote hubaki yalivyo. Mtoto wa kipekee, familia ya kipekee, tunatarajia kuwa karibu nanyi. Walikuwa wa kipekee mia mbili kila mwaka, na nafasi zilikuwa arobaini.

Mwaka huo shangazi yenu Arafa, mtoto pekee wa Zawena, alimaliza darasa la saba. Baba yake, shemeji Mhina, alikuwa dereva wa lori la katani. Alikuwa mgeni nyumbani kuliko wageni wenyewe, na mambo ya shule alimwachia mkewe. Arafa aliombewa shule mbili. Fomu zote mbili nilizijaza mimi, na palipotakiwa jina la mlezi wa pili nikaandika langu.

Shule ya kwanza ilikuwa Kitefu, huko juu milimani Usambara, yenye baridi, bustani na sweta za rangi ya zambarau. Zawena aliitaka hiyo. Alisema mabinti wa Kitefu huposwa na madaktari. Shule ya pili ilikuwa Mzambarauni, hapahapa mjini, yenye kuta zilizobanduka rangi na choo ambacho mlango wake ulifungwa kwa kamba. Arafa aliitaka hiyo. Siku ya usaili mwalimu mmoja wa Mzambarauni aliwapeleka watoto maabara, akabandua ngozi nyembamba ya kitunguu, akaiweka chini ya hadubini na kumwambia kila mmoja achungulie. Mtoto alirudi nyumbani haongei lingine. "Mama mdogo," aliniambia, "kitunguu kina vyumba vidogo vidogo, vimepangwa kama matofali!" Wiki nzima tulikula mboga bila vitunguu, maana vyote vilikuwa vimebanduliwa na kuinuliwa dirishani.

Basi tukaanza kungoja. Na katika kungoja huko dada yangu akanitoa roho.

Kwanza Kitefu walipiga simu kushukuru kwamba Arafa alihudhuria usaili. Aliyepiga alikuwa mwanamke wa mapokezi, Madam Siwema, mwenye sauti ya asali. Zawena alikata simu akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Siku chache baadaye Madam Siwema akapiga tena, akaomba nakala nyingine ya cheti cha kuzaliwa.

"Umeona?" dada akaniambia. "Wanaulizia ukoo."

"Dada, wanaomba nakala iliyo wazi. Ile ya kwanza ilitoka nyeusi, mashine ya dukani ilikuwa mbovu."

"Mwanakombo, watu wakianza kukuulizia ukoo wameshakubali. Wewe hujawahi kuposa."

"Sijawahi. Lakini nimewahi kufungua majalada."

Hakunisikia. Zikaja salamu za siku ya kuzaliwa ya Arafa, kwa simu, zenye picha ya keki. Nikamwambia tarehe wameitoa kwenye hicho cheti, na kwamba kila mtoto aliyeomba hutumiwa keki hiyohiyo. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu asiye na bahati, akasema, "Kuna watu heri ikibisha hodi wanauliza ni nani." Niliingia jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kisha Kitefu wakatangaza siku ya wazazi kutembelea shule. Wote walioomba walialikwa, na ilikuwa imeandikwa hivyo: wote walioomba. Zawena alikaanga visheti usiku kucha, akavipanga kwenye sahani yake ya maua mekundu, ile ya posa kubwa kubwa, akaifunika kawa jipya, akapanda nayo basi mpaka milimani akiwa ameipakata. Jioni alirudi. Alisimama pale mlangoni, hakuvua hata viatu, akafunua kawa mbele yetu. Ndani ya sahani mlikuwa na mapeasi sita, yale matunda ya hukohuko baridini, na chini yake kalenda ya shule iliyokunjwa.

"Imerudi na kitu," alisema. Alikuwa analia, dada yangu. Nilitaka kusema neno, nikaona machozi yale, nikampokea sahani nikaiweka mezani. Mjue kwamba hakuwa mpumbavu. Yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, na mwanawe alikuwa huyohuyo mmoja.

Jumatatu ikaja bahasha ya kaki kutoka Mzambarauni, imeletwa kwa mkono na mhudumu wao. Barua ilikuwa na mistari miwili. Arafa amechaguliwa. Fomu iliyoambatishwa irudishwe ikiwa na saini ya mzazi au mlezi kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri, la sivyo nafasi itatolewa kwa mwingine. Hapakuwa na mpendwa mzazi, wala heri, wala keki. Mimi niliisoma nikashusha pumzi, kwa sababu ndiyo ya kweli huwa kavu hivyo. Anayekupa kitu hana haja ya kukubembeleza.

Zawena aliisoma akasonya. "Hawa hata salamu hawana. Mtoto wangu niwape watu wasio na salamu?"

"Dada, hawa wamejibu."

"Na wale?"

"Wale wamekupa mapeasi."

Alikasirika kwelikweli. Alisema nina kijicho, kwamba miaka yote nimekaa katika ofisi za shule na hakuna mwanangu aliyekwenda milimani. Akanirushia ile bahasha mapajani. "Chukua wewe mpenda makaratasi, ufungie maandazi." Arafa alikuwa amesimama pale kwenye pazia. Alinitazama mimi, hakumtazama mama yake.

Ijumaa ikapita, fomu haikurudishwa.

Dada hakuwa na habari hata kidogo. Alinunua sanduku la bati, akampa fundi aandike kwa rangi nyeupe ARAFA MHINA, KITEFU. Ndilo hilo mliloweka sinia juu yake. Futeni vumbi mtaona, KITEFU bado inachungulia chini ya rangi ya kijani. Siku ya kufungua shule aliitoa kwenye ile kalenda ya mapeasi. Nikamuuliza, barua ya kumpokea mtoto iko wapi? Akasema jibu la heri halipiti posta, huja na watu, na kama hawajaja ni kuona haya tu kwa wenye mali. Ufunguo wa sanduku la posta alikuwa ameuweka ndani ya kikombe kabatini, na hakuugusa tangu siku ya visheti.

Siku ilipofika tulikwenda watu watatu: Zawena, Arafa na mimi wa kubeba godoro. Kwenye lango la Kitefu palikuwa na mlinzi mwenye orodha. Alipitisha kidole toka juu hadi chini, akageuza karatasi, akapitisha tena. Nyuma yetu magari yalikuwa yanapiga honi. Akatuomba tusogee pembeni, kwa upole, sanduku letu likavutwa mpaka kwenye ukingo wa maua. Kisha akamwita Madam Siwema.

Alikuja mbio kidogo, mwanamke mnene, mtandio umemlegea. Alimtambua Zawena mara moja, na uso ukamshuka.

"Shikamoo mama. Mama Arafa, hamkupata barua yetu?"

"Marahaba. Barua gani tena, mwanangu? Sisi tumekuja kwa sahani."

"Sahani?"

"Nilileta visheti. Ukanirudishia na mapeasi."

Madam Siwema alishika mdomo. "Mama, mimi kwetu Pangani. Mama yangu alinifunza chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ningekurudishia tupu ningeonekana nimelelewa wapi? Yale mapeasi niliyanunua mwenyewe hapo barabarani."

"Na kalenda?"

"Kalenda tulimpa kila mgeni."

"Na kuulizia cheti cha mtoto? Na siku ya kuzaliwa?"

"Ndiyo kazi yangu, mama. Kupokea watu vizuri ndiyo kazi yangu. Anayechagua ni kamati, na mimi kwenye kamati siingii hata kupeleka chai." Akaongeza, "Barua ilitumwa wiki tatu zilizopita. Walikuwa wengi mno, mama. Naomba uniwie radhi."

Zawena alisimama akiwa ameshika pindo la kanga. Nilikuwa nimelisubiri neno lile miezi mitatu, nikapanga hata nitakavyolipokea. Lakini aliyesema ni Arafa. Hakupandisha sauti, aliuliza kama anayeuliza njia.

"Mama, posa hujibiwa na nani?"

"Na baba wa binti," Zawena akajibu, kwa mazoea tu.

"Na sahani hurudishwa na nani?"

Miaka ishirini ya ushenga, na hakuna aliyewahi kumuuliza dada yangu hilo. "Na watu wa jikoni," alisema mwishowe.

Madam Siwema alitukalisha, akatupa chai ya maziwa, akatutafutia gari la kuturudisha stendi. Tulipokuwa tunaondoka alikimbia tena na mfuko, akamtia Zawena mkononi. Mapeasi! Nusura niutupe mtaroni. Lakini Zawena alishukuru kama inavyopasa. Akatoa moja, akalitazama, akaligeuza. Ndipo aliposema, kwa sauti ndogo, akijiambia mwenyewe, "Sahani ya adabu haibebi jibu." Hapo ndipo ilipoanzia, pembeni ya sanduku la bati, na honi za magari ya wenzetu.

Kesho yake tulikwenda Mzambarauni. Mkuu wa shule hakutukalisha wala hakutupa chai. Alifungua daftari, akasema, "Nafasi ilikuwa yake mpaka Ijumaa saa tisa. Saa kumi nilimpa mtoto mwingine." Zawena alipiga magoti, mbele ya watu, mshenga mzima. Yule mkuu alimwinua, akasema anasikitika, na darasa limejaa. Tulipotoka hatukumwona Arafa. Tulimkuta nyuma ya jengo, amesimama kwenye matofali mawili, anachungulia dirisha la maabara.

Alikwenda shule ya kata. Haikuwa mbaya, na walimu walijitahidi, lakini maabara ilikuwa msingi na nondo. Miaka minne shangazi yenu alisoma hadubini kwa kuchorewa ubaoni. Leo ni mwalimu wa Kiswahili kule Handeni, mwalimu mzuri, na halalamiki. Naye Zawena hakuacha ushenga, ila aliacha kusoma sahani. Mama wa bwana arusi akija kumwambia kwamba wenye binti wamewachekea vizuri, wamewapa juisi, wamewasindikiza mpaka barabarani, humwambia neno hilo mlilolisikia leo, kisha humuuliza: baba wa binti amesemaje? Ndiyo maana mtaa mzima sasa wanalisema, hata wasiojua Kitefu iko wapi.

Basi, hiyo ndiyo asili yake. Leteni huo mchele.

Mmesikia? Huyo anaita kutoka uani. Kumbe muda wote anatusikiliza.

"Mwanakombo! Umewaambia fomu ilikuwa kwa nani?"

Mnaona adha ninayoishi nayo? Haya, dada, nawaambia! Msinitazame hivyo.

Fomu ilikuwa kwangu. Alinirushia mapajani, sikuifungia maandazi, niliiweka katika mkoba wangu wa kazini. Jumanne ilikuwa humo, na Alhamisi pia. Ilisema mzazi au mlezi, na jina la mlezi lilikuwa langu, kwa mwandiko wangu. Kalamu nilikuwa nazo tatu. Ijumaa mchana nilipita mbele ya lango la Mzambarauni nikienda kula. Kutoka pale mpaka dirisha la ofisi hapafiki hatua hamsini.

Sikuingia. Nilikuwa nimeitwa mwenye kijicho, na nilitaka dada yangu aone. Nilisema moyoni, acha aone, safari hii acha aone kwa macho yake. Nilijua jibu la Kitefu kuliko wao wote, nikajua na la Mzambarauni, nikakaa na fomu mkobani. Zawena alikosea kwa kutokujua. Mimi sikuwa na kisingizio hicho. Nilimweleza miaka sita baadaye, nikidhani atanifukuza. Akanipakulia chakula. Nilikula, lakini mpaka leo sijui kama amenisamehe au aliona tu kwamba nina njaa.

Arafa akija hapa sikukuu huingia jikoni kunisaidia. Akimenya kitunguu hubandua ile ngozi ya ndani, nyembamba, akainyoosha kwa vidole viwili na kuiinua kwenye mwanga wa dirisha. Hafanyi makusudi. Huwa natoka jikoni.

Hidaya, ile bahasha yako ya kaki iliyokuja Jumanne kutoka ile shule nyingine, yenye mistari miwili isiyo na salamu, iko wapi? Kwenye begi. Na mwisho wake lini? Kesho! Mtoto wewe, kesho, nawe umekaa hapa unanisomea ujumbe wenye maua! Inuka. Kalamu iko juu ya kabati. Mama yako akirudi asaini, asiporudi nasaini mimi, na tutaipeleka leo kwa miguu yetu mimi na wewe, mchele utatungoja. Hao wa kwenye simu uwajibu asante, kwa adabu, kama walivyokuandikia kwa adabu. Wala usinune, wao hawakukudanganya. Sahani ya adabu haibebi jibu.